Shamba la Maafisa na Kuku wa Gogo

Kwa Kikipsigis kuku ni ingogiet. Vuka upande wa Wakisii utasikia engoko, na kwa Waluhya ni ingokho. Huhitaji digrii ya isimu kuona kwamba neno letu limevuka mto likiwa limembeba kuku mwenyewe. Punda ni sigiriet, na Mmaasai anasema osikiria. Hapo tena ni majirani, safari hii wa kusini. Ng'ombe ni teta, na huyo ni wetu, hatukumwazima kwa mtu. Farasi je? Nyumbani kwetu Kimulot tunasema farasi tu, kama Waswahili wanavyosema, na Waswahili nao walilichukua kwa Waarabu. Hatukuwahi kuwa na sababu ya kumpa jina letu.

Naanzia kwenye maneno kwa sababu mwaka juzi binamu yangu alirudi kutoka Qatar, alikokuwa mlinzi kwa miaka minne, akiwa na akiba kidogo na mpango mkubwa kuliko akiba. Alikuwa ametazama video nyingi za Wamarekani wanaohamia mashambani: familia, kibanda cha mbao, kuku wanazurura uwanjani, farasi wawili wanalima na kubeba kuni. "Hawa hawana pesa, na wanaishi," aliniambia. "Sisi tuna ekari moja na nusu, kuku tunao, tunakosa farasi tu." Wajomba walicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu wazo hilo lilishawahi kujaribiwa hapa hapa kwenye nyanda za Kericho, na watu waliokuwa na serikali nzima nyuma yao. Namna lilivyokufa ndiyo iliyoamua ni nani anamiliki milima tunayoitazama kila asubuhi.

Kwa msomaji asiyepajua, Kimulot ni wadi ya Konoin, kaunti ya Bomet. Mashariki kuna msitu wa Mau Kusini Magharibi. Kaskazini, kuelekea Kericho mjini, kuna chai ya makampuni, ile iliyokatwa sawasawa kama zulia. Katikati tumebanana sisi wenye vipande: chai kidogo ya kupeleka kiwandani, mahindi, ng'ombe mmoja au wawili, kuku. Mvua haikosi. Kericho hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya mawe hapa ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa, hao maafisa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, serikali ya Uingereza ilikuwa na wanajeshi wengi wa kuwatafutia kazi. Mwaka 1919 ukaanzishwa mpango wa kuwapa ardhi huku Afrika Mashariki. Mashamba zaidi ya 1,000 yaligawanywa, na kura nyingine zilichezwa Nairobi kwenye jumba la Theatre Royal, kama bahati nasibu. Kando ya mpango huo ukazaliwa mwingine mdogo, wa maafisa walioumia vitani: waliokatwa mguu, waliopoteza mkono, walioharibiwa mapafu na gesi. Waliuita koloni la maafisa walemavu wa Afrika Mashariki ya Kiingereza, na kwa herufi za mwanzo za jina la Kiingereza likajulikana kama BEADOC. Lilipewa takriban ekari 25,000 karibu na Kericho. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikatwa kutoka kwenye hifadhi ya Wakipsigis, ambao Waingereza wakati huo waliwaita Walumbwa.

Nikisoma habari zao siwezi kuwachukia kama ninavyotakiwa. Walikuwa vijana wengi wao, wamevunjika, wengine wamepewa pensheni isiyotosha kuishi Uingereza kwa heshima waliyoizoea. Walidhani hewa ya milimani itawaponya. Walipanga kuishi kwa ushirika: mashine moja ya pamoja, usimamizi mmoja, kila mtu na kipande chake. Nyumba za nyasi na mbao, kuku wa mayai ya asubuhi, bustani ya mboga, farasi wa kupandia. Kwa mtu asiye na mguu mmoja, farasi ndiye aliyekuwa miguu. Kwa ufupi, ni video za binamu yangu, miaka mia moja kabla.

Zao walilochagua lilikuwa kitani. Wakati wa vita bei yake ilipaa kwa sababu Urusi na Ubelgiji, zilizokuwa zikilisha viwanda vya Ulaya, zilikuwa zimefungwa na mapigano. Kitani hukomaa kwa miezi michache, hakikuweki miaka ukisubiri kama chai au kahawa, na kwa hiyo mtu asiye na mtaji huona ni mwokozi. Tatizo ni kwamba hakiuzwi kama mahindi. Lazima king'olewe, kilowekwe, kikaushwe, kisha kipondwe na kuchambuliwa kupata nyuzi. Hizo ni kazi za mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya Wakipsigis ambao ardhi yao ndiyo hiyo hiyo iliyolimwa. Halafu kulikuwa na usafirishaji. Reli ilipita Lumbwa, stesheni tunayoiita Kipkelion leo, zaidi ya kilomita 30 kutoka Kericho. Katikati ni vilima na udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huwa sabuni. Magari ya kukokotwa na maksai ndiyo yaliyofanya kazi hiyo. Farasi hawakuiweza.

Na hapa nieleze kuhusu farasi, maana binamu yangu hakuamini mpaka nilipomweleza mara mbili. Afrika ina ugonjwa wa farasi unaoenezwa na vijidudu vidogo sana vinavyouma jioni na alfajiri, vidogo kuliko mbu. Vinazaana kwenye matope na unyevu, na huzidi baada ya mvua. Farasi aliyeambukizwa anaweza kuwa mzima leo, kesho anatoa povu puani, keshokutwa amekufa. Punda wa Afrika na punda milia huambukizwa pia lakini mara nyingi hawaonyeshi hata dalili. Wameishi na virusi hivyo tangu zamani. Farasi alikuja juzi. Ongeza kupe na homa zao, ongeza ndorobo kwenye nyanda za chini. Katika kampeni ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918 farasi na nyumbu walikufa maelfu kwa maelfu, wengi bila kuguswa na risasi.

Ndiyo maana wakoloni walihangaika na punda milia. Karibu na Kilimanjaro, Mjerumani Bronsart von Schellendorff aliwakamata akijaribu kuwafuga wavute mikokoteni, na hakufika mbali. Nairobi kulikuwa na daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, aliyewazungukia wagonjwa wake akiwa juu ya punda milia. Huyo alifaulu, lakini daktari mmoja hafanyi sekta ya uchukuzi.

Turudi Kericho. Mambo mawili yaliwamaliza maafisa, na hakuna hata moja lililotokana na uvivu wao. La kwanza ni bei: viwanda vya Ulaya vilipunguza ununuzi mara tu baada ya vita, na bei ya kitani ikaporomoka katika 1920 na 1921. La pili wengi hulisahau, nami naliona ndilo kubwa. Mwaka 1920 serikali iliamua thamani ya rupia ya Afrika Mashariki iwe shilingi mbili za Kiingereza, badala ya shilingi moja na peni nne ya zamani. Aliyekuwa na deni la rupia benki alijikuta, bila kukopa hata senti zaidi, deni lake limeongezeka kwa nusu ukilihesabu kwa pauni. Na pesa zake zote zilikuwa zinatoka kwenye mauzo ya pauni. Mwaka uliofuata rupia ikaondolewa kabisa, zikaja shilingi. Wazee wa kwetu walipata hasara yao hapo pia, maana mshahara na kodi vyote vilibadilishwa vipimo mikononi mwao, lakini hakuna aliyewaandikia kitabu.

Kufikia hapo koloni lilikuwa limekwisha. Mashine zilisimama. Wengine walirudi Uingereza, wengine walitafuta vibarua kwenye mashamba ya watu.

Sasa ngoja. Ardhi ilikuwa imetolewa kwa sababu maalum: kuwasaidia walemavu wa vita. Walemavu wameondoka. Mtu yeyote mwenye akili ya kawaida angeuliza: si ardhi irudi kwa wenyewe? Katikati ya miaka ya 1920, makampuni mawili, Brooke Bond na James Finlay, yaliingia Kericho, yakachukua ardhi hiyo na nyingine kuizunguka, yakapanda chai. Wakipsigis nao walipigana vita hiyo hiyo, katika King's African Rifles na katika jeshi la wapagazi. Sijasikia koloni la walemavu wao.

Na ardhi hiyo ilikuwa imeshalipiwa damu kabla. Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi kwa Wakipsigis wa Sotik, kwa kisingizio cha ng'ombe walioibwa kwa Wamaasai. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu 1,850 waliouawa, wanawake na watoto wakiwamo, na ng'ombe kwa maelfu walichukuliwa. Mwaka 1934 sheria maalum ilitungwa kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wetu wa kiroho, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Ukipita leo kati ya zile chai nzuri, unapita juu ya mambo hayo yote.

Nimerefusha hadithi ya wazungu kwa makusudi. Ya kwetu ni fupi zaidi kuandika, maana haina makaratasi. Ina Gogo.

Gogo wangu, mama ya baba, alizaliwa wakati chai ya makampuni ilikuwa tayari imefunika ng'ambo. Alikuwa hali kuku. Si kwamba alikatazwa na daktari. Alisema tu kwamba alipokuwa msichana kuku hakuwa chakula cha mtu mzima anayejiheshimu. Nyama ilikuwa ng'ombe na mbuzi. Kuku alikuwa kitu cha watoto na wageni. Lakini alifuga kuku maisha yake yote, na nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanateremka.

"Ng'ombe ni wa babu yako," alisema. "Chai ni ya babu yako. Hata mahindi, akitaka kuuza gunia, anauza. Sasa niambie, chumvi ni ya nani?"

Chumvi ilitoka kwa kuku. Alitueleza jinsi alivyobeba mayai kwenye kikapu kilichowekwa majani makavu mpaka kwenye kambi za wafanyakazi wa chai. Huko kulikuwa na Wajaluo, Wakisii na Waluhya waliokuja kuchuma, watu waliojua thamani ya kuku, na siku ya mshahara walinunua bila kubishana sana. Kwa hiyo shamba lile lile lililochukua malisho ya ng'ombe wa baba yake ndilo lililomletea wateja wa mayai. Alisema hivyo bila uchungu wowote, na mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake.

Wanaume wa kizazi hicho walikuwa na njia yao. Walijifunza jembe la kukokotwa na maksai, wakalima mahindi na kuyauza kwa makampuni kwa ajili ya posho ya wafanyakazi. Wengine walijenga vinu vya kusaga vinavyozungushwa na maji ya mito. Maksai ndio waliotuingiza kwenye soko, kwa sababu maksai walikuwepo tayari, walijua baridi yetu na majani yetu, na akizeeka anakuwa nyama. Farasi akizeeka hapa ni hasara inayosimama. Chai yenyewe tulikatazwa. Mwafrika wa Kericho aliruhusiwa kuipanda miaka ya 1950, na shirika la wakulima wadogo, KTDA, lilipata jina hilo mwaka 1964. Viwanda vya kwetu vya Mogogosiek na Kapset ni matunda ya njia hiyo.

Punda alikuja Kimulot polepole na hakuwahi kupendwa kama Narok. Nina nadharia yangu. Asili ya punda ni nchi kavu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha alianza kufugwa upande huu wa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, kwa hiyo ni ndugu yetu wa zamani, lakini ni ndugu wa jangwa. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Mnyeshee wiki mbili mfululizo na umsimamishe kwenye tope, kwato zinaoza na kifua kinashika. Mtu wa Kimulot anayemfuga punda lazima amjengee banda lenye paa na sakafu kavu, na hapo ndipo wengi wanakosea, wakidhani punda hana gharama. Lakini ukimpa hicho tu, anakula majani makavu yanayokataliwa na ng'ombe, anabeba jerikeni za maji na magunia ya majani ya chai mpaka kituo cha kupimia, na hahitaji mafuta ya petroli.

Jirani yetu alikuwa na punda wawili. Waliibwa usiku mmoja, miaka ile machinjio ya punda yalipokuwa yamefunguliwa nchini, kuanzia 2016, kwa ajili ya ngozi zinazochemshwa China kutengeneza gundi ya dawa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 Kenya, ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku machinjio hayo mwanzoni mwa 2020, kesi zikafuata, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Jirani hakununua wengine. Analipa bodaboda, na ukimkuta siku ya bonasi atakuambia hesabu ya bodaboda kwa mwaka mzima, senti kwa senti.

Kwa binamu yangu, basi, tulikaa jikoni kwa mama na karatasi. Farasi alifutwa kabla chai haijachemka. Si bei ya kununua iliyomwondoa, ni nani atamtazama akiugua. Daktari wa mifugo wa karibu anajua ng'ombe; chanjo ya farasi huiagizi kwenye duka la dawa za mifugo la Mogogosiek. Punda aliwekwa alama ya kuuliza. Tukabaki na kuku.

Na kuku nao si wa bure, ingawa kila mtu anadhani ni wa bure. Kuku wa kienyeji asiyetunzwa hutaga mayai arobaini, hamsini kwa mwaka, halafu anaatamia, anaangua kumi, mwewe anachukua watatu, baridi wawili. Kinachommaliza mfugaji ni kideri. Kikiingia kwenye boma lisilochanjwa unaamka unakuta uwanja umelala. Gogo alikiita tu "ile ya Januari", maana kilikuja na kiangazi na upepo, na dawa yake ilikuwa kuuza kuku wote wakubwa kabla ya Krismasi na kubaki na mitetea wawili waliojificha. Ukifikiria, ulikuwa mpango mzuri: aliuza wakati bei iko juu, na ugonjwa ukifika haukuti kitu.

Siku hizi chanjo ipo, inatengenezwa hapa Kenya, tone moja kwenye jicho. Kikwazo ni chupa. Chupa ndogo ni ya kuku wengi, ikishafunguliwa haiwekwi mpaka mwezi ujao, na mama mwenye kuku kumi na wawili haoni sababu ya kununua dozi za kuku hamsini au mia. Binamu yangu, ambaye Qatar alizoea kupanga zamu za walinzi, ndiye aliyeligundua hilo kuliko sisi wote. Alizunguka boma saba za jirani na daftari, akaandika idadi ya kuku wa kila mama, akagawa bei ya chupa. Siku ya kuchanja walikuja asubuhi na mapema kabla kuku hawajatoka, chupa ikiwa kwenye chupa ya chai yenye barafu.

Kwenye daftari hilo hilo, ukurasa wa nyuma, mzee mmoja wa jirani alimwomba aandike pia majina ya familia zilizotoa watu kwenye orodha ya malalamiko ya ardhi. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa enzi za ukoloni. Malalamiko yenye watu zaidi ya laki moja yalifika Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 2023 mashamba ya Finlay yakanunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mzee alitaka kujua kama mnunuzi mpya anarithi na deni.

Binamu aliandika majina yote, kumi na manne, kwa mwandiko wake mbaya. Kisha akageuza daftari upande wa mbele kumalizia hesabu ya vifaranga: kuroila au wale walioboreshwa wa Naivasha, kama shilingi 100 kila mmoja, hamsini kwa kuanzia, taa ya kuwapa joto wiki tatu za kwanza, na mabati mawili ya zamani ambayo mama alisema yako nyuma ya choo, ayachukue tu.